Fundi wa Kabureta Aliyeomba Siku Moja

Fundi hakugusa gari la mtu aliyesimama. Ulifika gereji kwake, pale Tunduma nyuma ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, ukashuka na funguo mkononi, ukaanza kueleza: linazima, linakohoa, linatoa moshi. Yeye alikuonyesha stuli. Ukisema una haraka, alikuonyesha barabara.

Mbele ya stuli kulikuwa na kopo la petroli, mswaki mkuukuu, na sahani nyeupe ya bati yenye ukingo wa buluu, ya aina ile ambayo bibi zetu walipakulia wali wa sikukuu. Fundi aliifungua kabureta, akaitoa kwenye injini, akakuwekea mapajani juu ya kipande cha gunia. "Osha," alisema. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya gereji yake: kabureta huoshwa na mwenye gari. Yeye alikaa pembeni akikuelekeza skrubu ipi ifuate, na kila kilichotoka kilipangwa kwenye sahani kwa mstari, cha kwanza karibu nawe, cha mwisho mbali. Kurudisha ilikuwa ni kutembea mstari ule ule kinyumenyume. Mtu akiiruka ile sahani, hata awe mteja mkubwa namna gani, alifukuzwa.

Nilimwona mfanyabiashara mmoja kutoka upande wa Zambia, suti imenyooka, viatu vinang'aa, akigoma kukaa.

"Bashikulu," alisema, maana Wazambia walimwita hivyo, babu, "nimekuja kutengenezewa gari, sikuja kuajiriwa."

"Kaa, mukwai," Fundi alimjibu kwa upole, kwa neno lao la heshima. "Ukiiosha leo, siku gari likikuzimikia hapo Nakonde, ng'ambo ya mpaka, utajua pa kuanzia."

Alikaa. Saa moja baadaye alikuwa amekunja mikono ya shati, anapuliza vitundu vya kabureta na kucheka peke yake. Alipoondoka vidole vilimnuka petroli na wala hakuomba sabuni.

Mimi nilikaa kwenye stuli ile kwa mara ya kwanza mwaka aliofariki baba yangu. Baba aliniachia kigari chake kidogo cha milango miwili, cha zamani kuliko mimi, rangi yake kama maziwa yaliyoungulia sufuriani. Nafundisha fizikia sekondari, na nilidhani hakuna cha kunieleza kuhusu injini ambacho sijakiandika ubaoni. Fundi hakubishana nami. Aliuliza tu:

"Mwalimu, ugali unaupikaje?"

"Maji na unga, Fundi."

"Maji yakipungua, unga ukabaki ule ule?"

"Unakuwa jiwe."

"Basi gari lako linakula mawe."

Niruhusu nieleze polepole, maana jambo lenyewe ni rahisi kuliko linavyosikika. Injini haiunguzi petroli peke yake, inaunguza petroli iliyochanganywa na hewa. Hewa ndiyo maji ya ule ugali, petroli ndiyo unga, na kabureta ndiye mpishi. Ndani ya kabureta kuna kipande cha shaba kidogo kuliko punje ya mahindi, chenye tundu jembamba katikati. Hicho huitwa jeti, na petroli yote hupita humo. Sasa, huku kwetu juu hewa ni nyembamba kuliko ya pwani. Tundu lililopimwa kwa ajili ya Dar es Salaam, likiletwa Tunduma, linamwaga unga mwingi kwenye maji machache. Matokeo yake ni moshi mweusi, plagi zenye masizi, na gari linalokata pumzi kila lionapo mlima.

Na hapo ndipo watu wa huku tunapokosea, kizazi baada ya kizazi. Gari likishindwa mlima tunadhani lina njaa. Tunatafuta sindano ya kushonea, tunaichokoa jeti, tunapanua tundu ili gari lishibe. Baba yangu alikuwa bingwa wa jambo hili. Moshi ukizidi alifurahi, akasema gari limepata nguvu.

Fundi aliiinua jeti yangu, akafunga jicho moja, akaitazama kwenye mwanga.

"Nani ameichokonoa hii?"

"Marehemu baba."

Aliishusha taratibu, kama mtu aliyekuta kaburi asilolitegemea njiani. "Marehemu alikuwa na mkono mtulivu," alisema. "Kaharibu kwa ustadi kabisa."

Alinifungia nyingine kutoka kwenye mkebe wake, ambayo haijachokonolewa, lakini alinionya. "Hii nayo ni ya pwani. Itakutembeza mjini, itakufikisha Mlowo. Mlima mkali itakukatalia. Ya kwetu huku haiuzwi dukani, hutengenezwa. Nipe siku moja nzima, Mwalimu. Siku moja tu."

Alihitaji siku nzima kwa sababu kazi yenyewe haina njia ya mkato. Unaliziba tundu la jeti kwa risasi ya kulehemu, unalitoboa upya kwa keekee nyembamba, unaifunga, unapanda nayo mlima, unasimama, unatoa plagi na kusoma rangi yake. Nyeusi maana yake petroli imezidi. Nyeupe kama chaki, imepungua, na injini inajiunguza. Unayoitafuta ni rangi ya biskuti. Ukiikosa, unarudi mwanzo. Fundi alikuwa tayari kuifanya. Mimi ndiye sikuwa na siku. Kulikuwa na mitihani ya kusahihisha, kulikuwa na vikao, kulikuwa na wazazi wa wanafunzi. "Wiki ijayo, Fundi," nilisema, na wiki ijayo ikawa miaka.

Alikuwa na tabia ambazo hazikukaa pamoja kwa urahisi. Kauli yake kuu ilikuwa "panono panono", aliyoiokota kwa Wabemba, yaani kidogo kidogo. Aliwaambia wateja wote: usikanyage mafuta kwa hasira, gari si punda. Kisha alipanda pikipiki yake na kutoka pale gereji kama anayefukuzwa na nyuki, kofia ya usalama ikining'inia kwenye usukani. Alikuwa mzee wa kanisa, sauti yake nzito ikiongoza nyimbo, lakini nati iliyoshika kutu aliitukana matusi mazito, kwa Kinyiha.

"Mungu anajua Kinyiha pia, Fundi," nilimwambia siku moja.

"Anajua," alijibu, akivuta spana. "Ila watoto wa mjini hawajui. Najali wao. Yeye ameshanizoea."

Na kubwa kuliko yote ni hili. Hakutaka kusikia habari za turbo kwenye gari dogo. Ukilitaja neno hilo alikunja uso kama aliyeng'ata limau. Lakini lori kubwa lilipong'oka kwenye foleni, likaanza kupanda na ule mluzi mwembamba wa turbo ukasikika juu ya muungurumo, Fundi aliacha kila kitu. Spana ilibaki hewani. Alisikiliza mpaka mluzi ulipoishia mbali, halafu akarudi kazini, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Mjaribu wake alikuwa jirani wa ng'ambo ya barabara, muuza spea mchangamfu kutoka Tanga, aliyekuja kula chakula cha mchana gerejini kila siku kwa sababu Fundi alijipikia wali nyuma ya banda, kwenye mafiga, na wali wenyewe ulikuwa mtamu. Muuza spea alikuwa na turbo ndogo iliyotolewa kwenye kigari kilichopata ajali, na macho yake yalikuwa kwenye gari langu.

"Dada'angu, mwache mzee na kuni zake. Ukifunga hii, Isongole kwa mama yako unafika chai haijapoa."

Fundi hakuinua kichwa. "Hizo kuni ndizo unazozifuata hapa kila mchana, na sahani unailamba."

"Nafuata wali, sifuati kabureta!"

"Mpishi ni huyo huyo."

Tulicheka wote, lakini sitaki msomaji adhani muuza spea alikuwa mjinga. Hoja yake ilisimama vizuri. Turbo ni kama konokono wa chuma mwenye feni mbili. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha feni ya kwanza, nayo feni ya pili husukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu. Turudi kwenye ugali: kabureta ya Fundi inapunguza unga ili ulingane na maji machache, kwa hiyo ugali unakuwa mzuri ila mdogo. Turbo inaleta maji zaidi. Sufuria linajaa kama la pwani, hata kupita. Kwa mtu anayeishi milimani, ni wazo la maana.

"Sufuria la Mwalimu ni la zamani," Fundi alisema. "Ukilijaza kupita kipimo chake litapasuka." Zaidi ya hapo hakueleza, na hilo lilinishangaza, maana alikuwa mtu wa kueleza kila kitu.

Ningeendelea kuahirisha mpaka leo kama si mama yangu. Baada ya kumzika baba, mama alirudi kwao Isongole, kwenye mashamba ya ndugu zake. Kila mwezi ana kliniki ya presha Vwawa. Goti lake moja halikunjiki, gari la abiria linamtesa, kwa hiyo ninamfuata mimi na kigari cha baba. Mama naye hawezi kwenda mjini mikono mitupu. Lazima viazi, lazima mkungu wa ndizi, lazima maharage ya shangazi. Na barabara ya kutoka Isongole kuja Mpemba inapanda, inapinda, inapanda tena.

Gari lilituzimikia mara tatu kwenye mlima ule ule. Nilishika breki kwa miguu yote miwili huku mama, na goti lake, akishuka kutafuta jiwe la kuzuia tairi. Mara ya tatu alipolitia jiwe alisimama wima, akafuta mikono kwenye kanga, akanitazama kupitia dirishani.

"Nikishuka tena kwenye hili gari kutafuta jiwe, linakwenda kwa wale wa chuma chakavu."

"Mama, ni gari la baba."

"Nimeshamzika baba yako, mwanangu. Sitaki kuzikwa na gari lake."

Kadi ya gari ina jina la mama, si langu. Mama hatishii mara mbili.

Wakati huo Fundi alikuwa ameacha gereji. Macho yalipungua, mikono ikaanza kutetemeka, akarudi kwake Mbozi kwenye kahawa zake. Sasa pale palipokuwa na stuli pana maegesho ya malori, na kila nikipita natafuta kwa macho banda ambalo najua halipo. Siku ya mazishi yake, baadaye, vilikuja vigari vya zamani ambavyo nilidhani vimekwisha duniani, vingine vikivutwa kwa kamba, na wenye navyo wakaimba kwa lugha zote za mkoa huu. Nilitazama vidole vyao. Nadhani hakuna hata mmoja aliyekuwa hajawahi kushika mswaki ule.

Lakini ninayemkumbuka zaidi ni Fundi wa siku ile ya likizo, wiki ya kliniki, nilipompelekea turbo kwenye boksi. Nilikuwa nimeshakubaliana na muuza spea. Sikwenda kuomba ushauri, kusema kweli nilikwenda kuomba ruhusa.

Nilimkuta anageuza kahawa kwenye kichanja. Niliiweka turbo juu ya meza, nikamweleza habari za mlima, jiwe na chuma chakavu. Aliiacha kahawa, akaigusa feni kwa kidole kimoja. Ilizunguka, ikazunguka, ikachelewa kusimama.

"Nzima kabisa," alisema. Aliizungusha tena. "Nilifunga moja kama hii."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Wewe?"

"Kwenye kigari changu mwenyewe, kidogo kama hiki chako. Sikumwambia mtu. Nikaenda nayo Msangano."

"Ikawaje, Fundi?"

Alitabasamu, na uso mzima ukawa wa mtu mwingine, kijana nisiyewahi kukutana naye. "Mwalimu, niliyapita malori kama yameegeshwa."

"Halafu?"

"Halafu wakati wa kurudi, milimani, pistoni ikapasuka, vipande vikawa vinalia ndani ya injini. Nikavutwa na trekta lenye mahindi mpaka nyumbani, watoto wanapiga makofi njia nzima. Mke wangu akasema, umetoka na gari umerudi na kengele."

"Miaka yote hii mbona hukusema?"

"Ningesema ilivyokuwa tamu, ungefunga." Aliizuia feni kwa kidole. "Sasa sikiliza. Hofu yangu usiiite ufundi. Ufundi ni huu: ukitaka turbo, anza na sufuria. Ifungue injini yote. Pistoni mpya, gasketi nene, rejeta kubwa, na kabureta yenyewe ijengewe upya ipokee hewa ya kusukumwa. Ni kazi ya mwezi mzima au zaidi, na ikifanywa vizuri inadumu. Mimi niliifunga juu ya injini chakavu kwa siku mbili, kwa sababu ya uchu. Huyo rafiki yako wa spea amekwambia siku ngapi?"

"Mbili," nilisema.

Nilimuuliza swali ambalo lilikuwa limebaki: "Ungekuwa wewe, leo, ungefanya nini?"

"Mimi? Ningefunga hii hii, leo hii. Mimi ni mjinga kwa vitu hivi." Alinisogezea boksi. "Lakini mimi siendi kumchukua mama yako Alhamisi."

Niliirudisha turbo kwenye boksi na kulifunga. Kisha nikasema maneno niliyopaswa kuyasema miaka mingi nyuma.

"Fundi, leo nina siku nzima."

Aliita nyumbani tuletewe chai. Mikono yake haikuweza tena kuishika jeti, kwa hiyo nilitoboa mimi, naye akiniegemea begani na kuhesabu pumzi zangu. "Usisukume. Iache keekee ijilie njia yake. Panono, Mwalimu, panono." Tulianza na tundu dogo mno kwa makusudi, maana kupanua ni rahisi, kupunguza ni kuanza upya. Tukapanda mlima ulio nyuma ya mashamba yao, mimi kwenye usukani, yeye pembeni amekumbatia kopo la plagi. Mara ya kwanza gari lilikohoa na plagi ikatoka nyeupe. Tukarudi, tukapanua kwa unene wa unywele. Mara ya pili ikawa bora, lakini kingo bado zina weupe. Majirani walianza kutoka kutazama. Mama mmoja aliuliza kama tumepotea njia, maana tunapita tu.

"Hatujapotea, mama," Fundi alimjibu kupitia dirishani. "Tunapika."

Mara ya nne niliitoa plagi ikiwa bado ya moto, nikaishika kwa kitambaa na kumpelekea karibu kabisa na macho yake. Aliitazama muda mrefu. Ilikuwa na rangi ya biskuti, kutoka ukingo hadi ukingo.

Alhamisi nilifika Isongole asubuhi. Mama alipakia viazi, akapakia ndizi, akaongeza kuku wawili ambao hawakuwa kwenye makubaliano. Nilimezea. Tulipoanza kupanda aliweka mkono mmoja kwenye kitasa cha mlango, tayari kushuka. Niliingiza gia ya pili na kuiacha hapo. Lori lilitupita, kisha basi likatupita na kutuachia vumbi. Tulifika kwenye ile kona ambayo gari lilikuwa limezoea kufia, sauti ya injini ikashuka kidogo, na mama akaanza kuomba kwa Kindali. Haikuzima. Ilinguruma pole pole, ikavuta, ikaipita kona, na mlima ukabaki nyuma yetu.

Nilisubiri aseme kitu. Nikashindwa kuvumilia.

"Mama, kwa hiyo tunaliuza?"

Aliuachia mlango, akajipanga vizuri kwenye kiti. "Wale wa chuma chakavu wana vyuma vya kutosha," alisema. "Endesha, kliniki ina foleni."

Mpemba niliegesha pembeni nikampigia simu Fundi. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kuongea naye.

"Limepanda," nilimwambia. "Na viazi, na ndizi, na kuku."

"Kwa gia ya ngapi?"

"Ya pili, Fundi. Mpaka juu. Halikukohoa hata mara moja."

"Vizuri," alisema. "Vizuri sana, Mwalimu. Mpe mama pole ya safari." Nilidhani amemaliza, nikataka kukata simu, lakini nilimsikia bado anapumua upande wa pili, kama mtu anayepima kama aseme au aache.

"Turbo," akasema taratibu, "ingepanda kwa ya tatu."